Kiti cha Kushoto

Kule juu Hakone, pale barabara inapomaliza kupanda na kabla haijaanza kuteremkia ziwani, kuna kiwanja cha kuegesha magari, mashine ya kuuza kahawa ya kopo, na benchi moja la mbao lililopauka kwa jua na theluji. Jumapili asubuhi benchi hilo lina wenyewe. Wa kwanza ni Tatebe, daktari wa meno mstaafu, ambaye hapo kijiweni hakuna anayemwita Tatebe. Jina lake ni Koleo. Wa pili ni Bi Minagawa, mwenye nyumba ya wageni ya maji ya moto huko bondeni Yumoto, mwanamke wa sauti nene na mguu mzito, naye anaitwa Mama Radi. Wa tatu ni Mzee Kuribayashi, aliyekuwa fundi wa mikeka ya tatami, anayeitwa Unyoya kwa sababu ya wepesi wa gari lake. Magari yenyewe yalikuwa mbele yao, pua zikiwatazama: Honda NSX nyekundu ya Koleo, Nissan GT-R nyeusi ya Mama Radi, na Mazda Roadster ya kijani ya Unyoya, iliyoonekana kama mtoto aliyeletwa msibani na wakubwa. Jumapili hiyo ya Novemba baridi ilikuwa inauma masikio, na ubishi ulikuwa umeshawaka kabla kopo la kwanza halijafunguliwa. Kesho yake Unyoya alikuwa anakwenda kituo cha polisi cha Odawara kurudisha leseni yake kwa hiari, kama wanavyofanya wazee wengi, na wenzake walikuwa wameapa kwamba hataachana na usukani kabla ya kuuteremka mlima mara moja ya mwisho kwa gari linalostahili. Gari lipi? Hapo ndipo vita vilipokuwa.

— Utashuka na ya kwangu, Mzee Unyoya. Basi, mjadala umefungwa, alisema Koleo, akauweka ufunguo wake juu ya benchi taratibu, kama zamani alivyopanga vifaa kabla ya kung'oa.

— Umefungwa na nani? alidakia Mama Radi. — Mimi sijafunga kitu. We nawe na gari lako la kukaa kitako chini kama mtoto anayetambaa!

— Kukaa chini ndiko kunakonoga, dada. Injini iko mgongoni mwako. Mbele kioo kipana, boneti huioni, unaiona barabara tu inaingia miguuni. Ukigusa usukani gari haiulizi mara mbili. Inazungukia hapa. Alijipiga kiunoni. — Hapa hapa, kama imeshonewa kwenye mkanda wa suruali.

— Gari ya mtu anayeogopa kuchafuka hiyo. Mzee, nisikilize mimi. Mtu akiaga usukani, aage na mnyama. Yangu ukiikanyaga, kwanza inanyamaza. Inanyamaza hivi, kama mama mkwe aliyesikia jambo. Halafu turbo zinaitika, kisogo kinabandikwa kwenye kiti, na ukiwa katikati ya kona, pale wengine wanapoanza kuteleza, matairi ya mbele nayo yanaamka yanashika lami. Yanakuvuta! Umeshawahi kuvutwa kutoka kwenye kona, Koleo?

— Sijawahi. Mimi hutoka mwenyewe.

— Sikiliza jeuri yake!

Akaubwaga ufunguo wake kando ya ule wa Koleo. Funguo mbili zikakaa pale mbele ya Unyoya kama sahani mbili mbele ya mgeni. Unyoya alicheka, kopo la kahawa likiwa katikati ya viganja vyake, lakini hakugusa hata mmoja.

Hakuthubutu. Asubuhi ile, wakati anapanda, kwenye kona ya miti ya mierezi, mwendesha baiskeli alikuwa ametokea upande wake wa kushoto kama aliyechipuka kwenye lami. Hakuwa amejificha. Alivaa koti la njano linaloonekana toka mbali, na huenda alikuwa pale muda wote. Unyoya ndiye hakumwona. Alivuta usukani kulia, gari likatii, kioo cha pembeni kikapita sentimita chache tu kutoka kwenye kiwiko cha yule kijana. Kijana alipiga kelele, akaendelea kupanda. Unyoya alisimamisha gari mbele kidogo na kukaa humo mpaka kijana akampita na kupotea kwenye kona.

Tangu apate kiharusi kidogo kiangazi kilichopita, upande wa kushoto wa dunia yake ulikuwa unafifia. Daktari alikuwa amemwambia Ijumaa, bila kuzunguka: usiendeshe tena. Unyoya aliitikia kwa heshima, akaahidi kurudisha leseni Jumatatu. Katikati ya Ijumaa na Jumatatu kulikuwa na Jumapili, na Jumapili ilikuwa ya mlima. Wenzake aliwaambia anairudisha leseni kwa sababu ya uzee tu. Mkewe hakumwambia kitu.

— Mzee amenyamaza, alisema Koleo. — Anafikiria ya kwangu.

— Anafikiria kaburi lako.

— Ngoja nikwambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu, alisema Koleo, akateremsha sauti. — Usukani wangu unaniletea habari zote za chini. Zote. Vuli iliyopita nilipita juu ya jani. Jani moja! Nikajua kwamba nimekanyaga jani.

— Acha masihara.

— Na nikajua ni jani la mti gani.

— Weee!

— La momiji, ule mti wa Kijapani, lile jekundu. Nikasimama, nikashuka kuangalia. Ndilo.

— Jani lililokanyagwa na tairi ukalitambua sura?

— Nilikuwa daktari wa meno kwa maisha yangu yote. Vidole hivi vilikuwa vinatambua tundu la jino ambalo picha hailioni. Sasa jani la mti ni kitu gani?

Mama Radi alikunywa kahawa yake funda moja refu, akafuta mdomo.

— Haya. Sasa sikia ya kwangu, na hii ina mashahidi. Nyumbani kwangu kulikuwa na mgeni, mzee wa Nagoya, amekuja kuoga maji ya moto kwa sababu ya mgongo. Ameoga, ameoga, mgongo uko vilevile. Nikamwambia, baba, njoo. Nikamtia garini...

— Ukamtia garini mgonjwa wa mgongo!

— ... nikapanda naye mpaka kwenye ile kona ndefu inayojizungusha. Nikakanyaga. Ile injini, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, inapofika juu haipigi kelele, inaimba, na wimbo wenyewe unaingilia kwenye kiti. Unapanda uti wa mgongo pingili baada ya pingili. Yule mzee aliposhuka alisimama wima kama askari. Akalia.

— Alilia kwa hofu.

— Alilia kwa shukrani! Mpaka leo ananiletea zawadi kila mwaka mpya.

— Anakushukuru kwa kumrudisha salama.

— Koleo, wewe hujui kona. Mimi kwenye ile kona ndefu, wallahi, si mimi niliyekunja. Kona ndiyo iliyokunjika kunipisha.

Unyoya alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kidole. Aliwapenda watu hawa. Kwa miaka mingi alikuwa akiwasikiliza wakiyasifia magari yao, na kila mmoja alikuwa mwongo kwa namna yake, lakini kiini cha kila uongo kilikuwa kweli tupu. Aliwahi kuiendesha NSX ya Koleo, siku ambayo Koleo alikuwa na kidonda mguuni, na ni kweli ilizungukia kiunoni. Aliwahi kuishika GT-R, na ni kweli ilimvuta. Siku zote mbili alirudi nyumbani akiwa amenyamaza kwa heshima.

— Na wewe isemee yako, mzee, alisema Mama Radi. — Siku yenyewe ndiyo hii.

— Yangu? Unyoya alilitazama gari la kijani. — Yangu haina nguvu.

— Hilo tunalijua.

— Basi kwa kuwa haina nguvu, inabidi tuelewane. Nyie mkikosea, mashine inawaokoa. Mimi nikikosea, inaniambia hapo hapo. Kile kijiti cha gia ni kifupi, unakisogeza kwa kifundo cha mkono tu, kama unageuza ukurasa. Ukiteremsha lile turubai la paa unasikia matairi yanavyozungumza. Kwa mwendo ambao nyie mnapiga miayo, mimi huku niko kazini mikono na miguu. Kulipanda sijisikii nalipanda. Nalivaa.

Halafu Mama Radi akasema, bila utani:

— Kuna siku ya ukungu nilikuwa nyuma yako. Ulikuwa hujui. Nilikuwa naweza kukupita mara kumi. Sikupita. Nilikuwa nakuangalia unavyocheza na ile barabara. Nilifika nyumbani nikamwambia mpishi wangu: leo nimeona mtu anaandika kwa gari.

— Hukuwahi kuniambia.

— Ungevimba kichwa. Haya, chukua ufunguo. Shuka na mnyama.

— Shuka na ya kwangu, alisema Koleo.

— Mzee, chagua!

Unyoya alinyoosha mkono kuelekea funguo. Aliona ule wa kulia, wa GT-R. Ule wa kushoto ilibidi ageuze shingo ndipo auone. Mkono ukasimama hewani, kisha ukarudi kwenye kopo.

Wakati huo basi la kutoka Odawara lilisimama kituoni ng'ambo ya barabara. Alishuka mwanamke mmoja tu, mfupi, amevaa koti la kijivu na skafu ya kufumwa. Alitazama huku na huku, akavuka. Unyoya alimtambua kwa mwendo kabla hajamwona uso.

— Fusae?

— Habari za asubuhi, alisema mkewe, akawainamia wote. — Samahani kwa kuwaingilia.

Koleo na Mama Radi waliruka kama wanafunzi waliokutwa darasani wakila. Katika miaka yote ya benchi lile hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona hapo.

— Shemeji! Karibu, karibu! Koleo alipangusa benchi kwa mkono wa koti lake. — Kaa hapa.

Mama Radi alikimbilia kwenye mashine kumletea kahawa, akabonyeza, akabonyeza tena. Taa nyekundu kwenye kila kahawa ya moto ilikuwa inasema imekwisha.

— Hata kahawa inatuaibisha leo, alisema. — Shika yangu, mama, sijaimaliza, lakini bado ina joto la kupashia mikono.

Fusae alilipokea lile kopo kwa mikono miwili. Alikaa upande wa kulia wa mumewe. Hakumuuliza kwa nini ameondoka alfajiri bila kuaga. Aliziona zile funguo.

— Mnabishana nini?

Hakuna aliyehitaji kuulizwa mara ya pili. Koleo alieleza habari za leseni inayorudishwa kesho, za kiuno na jani, Mama Radi akaeleza habari za turbo na mzee wa Nagoya, wakakatizana, wakasimama, wakaonyesha kona kwa viganja, Koleo akageuza usukani usiokuwepo, Mama Radi akakanyaga pedeli ya hewani mpaka mchanga ukaruka. Fusae alisikiliza kwa makini kabisa. Alikubali kwa kichwa. Mara moja au mbili alitabasamu. Walipoishiwa na pumzi, akasema:

— Nimefurahi kusikia. Sikujua kwamba kuna mambo mengi hivi. Nina swali moja tu, kama si la kijinga.

— Uliza, shemeji! Lolote!

— Anayekaa kile kiti kingine, cha kushoto, yeye anahisi nini?

Koleo aligeuka kuitazama NSX yake.

— Kile kiti... alisema. — Kile bado kina nailoni ya kiwandani. Sijawahi kuitoa.

— Mimi naweka mkoba, alisema Mama Radi kwa sauti ndogo.

— Na yule mgeni wa mgongo? aliuliza Fusae.

— Yule... sikumuuliza. Alikuwa analia.

Wakamgeukia Unyoya. Katika Roadster kiti cha kushoto kilikuwa na kofia yake na kitambaa cha kupangusia kioo. Watoto walipokuwa wadogo, gari la viti viwili halikuwa gari la familia, na Fusae alibaki nao. Watoto walipokua na kuondoka, alikuwa ameshazoea kubaki. Unyoya hakukumbuka kama aliwahi kumwambia njoo.

— Nauliza, alisema Fusae, — kwa sababu kuanzia kesho ndicho kiti chake.

Upepo ulipita, ukaviringisha kopo tupu mpaka chini ya GT-R. Hakuna aliyeinama kuliokota. Unyoya aliliweka kopo lake juu ya benchi.

— Leo nimekaribia kuua mtu.

— Nini?

— Kwenye mierezi. Kijana wa baiskeli. Alikuwa upande wa kushoto na sikumwona. Si uzee peke yake. Ni macho, ni kiharusi kidogo kilichonipata kiangazi. Daktari alinikataza tangu Ijumaa, nami nikaja.

Koleo aliuchukua ufunguo wake polepole akautia mfukoni. Mama Radi alisimama mbele ya Unyoya, mikono kiunoni, uso umemwiva.

— Na sisi tumekaa hapa tunagombania kukupa magari! Ungeuchukua?

— Sijui.

— Hujui! Ungeniambia ningekufuata kwako nikakubeba, mzee mjinga wewe! Nikakubeba mgongoni mpaka hapa benchini! Alifuta macho kwa kiganja, kwa hasira. — Unadhani tunakuja hapa kwa sababu ya leseni yako?

Fusae alimgeukia mumewe, akasema kwa utulivu:

— Mimi nilikuwa najua. Tangu mwisho wa kiangazi unaacha samaki upande mmoja wa sahani. Nikikukaribia upande huo unashtuka. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Leo nimeamka gari halipo, nikapanda basi.

— Kunikemea?

— Kukuteremsha.

Alinyoosha kiganja. Unyoya akatoa ufunguo mfukoni. Ulikuwa umepata joto la mwili wake. Akamkabidhi.

— Shemeji, ile ni gia za mkono, alisema Koleo kwa wasiwasi. — Na mteremko wenyewe...

— Niliendesha basi la chekechea mpaka nilipostaafu, alisema Fusae. — Lilikuwa na gia za mkono. Na watoto.

Aliteremsha turubai, kwa sababu, alisema, kama ni kujua ajue yote. Alisogeza kiti mbele, akarekebisha vioo kimoja kimoja, akaifunga skafu upya. Unyoya aliitoa kofia yake kwenye kiti cha kushoto na kukaa. Kila kitu kilikuwa mahali pasipo pake. Usukani ulikuwa mbali. Mikono yake haikuwa na kazi, akaiweka mapajani kama mtu anayepigwa picha.

Waliteremka, NSX nyuma yao na GT-R nyuma ya NSX, kwa mwendo wa maandamano. Kona ya kwanza Fusae aliikunja polepole mno, na mguu wa Unyoya ukakanyaga breki ambayo haikuwapo. Kona ya pili alikanyaga tena. Ya tatu akauzuia mguu kwa mkono.

Ndipo alipoanza kuhisi. Akiwa kwenye usukani, kona alikuwa anaijua kabla haijafika, aliikaribisha mwenyewe. Huku kushoto ilikuja bila kubisha hodi. Iligusa nyonga kwanza, ikapanda mbavuni, ikampa bega uzito, kisha ikamwachia polepole kama mtu anayeweka chini kikombe kilichojaa. Alisikia tairi la nyuma likiegemea lami chini yake hasa, kitu ambacho miaka yote mikono yake ilikuwa na shughuli nyingi mno kukisikia. Na alisikia jambo jingine lililomchoma kidogo. Siku zote aliamini kwamba gari lile linamsikiliza yeye. Kumbe linamsikiliza yeyote mwenye mkono mzuri, na mkono wa Fusae ulikuwa mzuri. Hakuvuta gia, aliisindikiza. Klachi ilirudi bila mshtuko hata kidogo. Alielewa sasa kwa nini wale watoto wa chekechea walikuwa wanafika makwao wamelala.

Wivu ulimkaa kifuani kwa urefu wa kona moja. Kona iliyofuata haukuwapo.

— Hapa weka ya pili, alisema, akashindwa kujizuia. — Kabla ya kukunja.

— Kabla?

— Kabla. Halafu gusa mafuta kidogo. Kidogo tu.

Fusae akaweka ya pili, akagusa mafuta. Injini ikapandisha sauti, mkia ukajikaza, gari dogo likaizunguka kona kama linalovutwa kwa uzi, na Fusae akacheka. Kilikuwa kicheko cha ghafla, cha juu, kilichoruka nje ya gari na kubaki nyuma kwenye miti. Alikanyaga zaidi. Kona iliyofuata aliikunja vizuri kuliko ile, na iliyofuata vizuri zaidi, mpaka taa za NSX zikaanza kupungua ukubwa kwenye kioo, na kwa mbali wakasikia ile GT-R ikinyamaza, kisha ikaitika kwa hamu.

— Unahisi nini huko? alipaza sauti Fusae juu ya upepo.

— Ngoja kwanza! alijibu Unyoya, ameshika mlango. — Bado nahisi!

Chini mlimani walisimama kwenye taa nyekundu. Magari mawili yakawafikia na kusimama nyuma, injini zikihema. Nyumbani ni kulia. Fusae, mashavu mekundu, skafu imemkalia shingoni kombo, aliwasha indiketa ya kushoto, kwenye kibarabara kinachozunguka na kurudi mlimani.

Koleo akapiga honi kuuliza.

— Nyumbani ni kulia, alisema Unyoya.

— Najua nyumbani kwangu, alisema Fusae. — Ile kona ya mwisho sikuikunja vizuri. Nataka niirudie.

Unyoya akakaza mkanda.